Kiondo cha Kwenda Mbumbuni

Ukiuliza watu wa upande wetu wa Mutomo habari za Syombua, mke wa marehemu kaka yangu Mutie, watakuambia alikuwa mwanamke mkaidi. Wamesema kweli, lakini wamesema nusu. Mimi ni Ndila, wifi yake. Boma langu na lake yalitenganishwa na ua wa miiba tu, maana nilikuwa nimerudi kwetu baada ya kuachana na mume, na hiyo si hadithi ya leo. Mimi nilimwona akila, nikamwona akinuna, nikamwona akilia akidhani hakuna mtu. Kwa hivyo nikisema alikuwa mkaidi, nasema nikijua ukaidi wenyewe ulikuwa wa nini.

Ulikuwa wa Mumbua. Mumbua ndiye mtoto pekee aliyezaliwa na Syombua akaishi. Alipofika umri wa kuolewa, akaja fundi mmoja wa mawe, Nzomo, kutujengea kanisa. Kijana mpole, mrefu, anaimba sauti ya nne. Kanisa lilipokwisha akarudi kwao Mbumbuni, ng'ambo kabisa ya mto Athi, na Mumbua akaenda naye. Mahari ilitolewa vizuri, hatuna neno. Lakini Mbumbuni! Siku hizo kutoka kwetu kwenda huko ilikuwa ushuke Kitui, ulale, uende Machakos, ungoje, ndipo ushike gari la Mbumbuni kama lipo. Syombua alisimama njiani akitazama vumbi la lori lililombeba mwanawe mpaka likatulia chini lote, nami nikamwambia, "Haya, twende tukapike, mtoto hajafa." Akaniambia nifunge mdomo.

Sasa, ukoo wa akina Syombua una mambo yao. Kwao msichana akishaolewa harudi kukanyaga kwao mpaka mama yake amtangulie. Mama ndiye huenda kwanza, akisikia mtoto wa kwanza amezaliwa, na huingia boma la mkwe akiwa na kiondo mgongoni, mkanda umekaa kwenye paji la uso, ndani mna unga na kunde na njugu. Na hicho kiondo sharti awe amekisuka yeye mwenyewe, tangu kusokota uzi. Hukiacha huko. Kuanzia hapo njia imefunguka, binti anaweza kuja nyumbani apendavyo. Sisi wengine hatuna mambo hayo. Sisi tunakwenda na sukari. Lakini mwambie Syombua!

Na alikuwa na haki ya kujivuna. Kiondo cha Syombua ungeweza kukitia maziwa. Alikuwa akiketi mguu mmoja ameunyoosha, nyuzi mbili za mkonge pajani, kiganja cha kulia kinapita mara moja kwenda mbele, mara moja kurudi nyuma, na uzi unatoka mwembamba, mgumu, umelingana mwanzo mpaka mwisho. Hata kutazama hakutazama. Alikuwa akiongea nami na kunitukana huku uzi ukitoka.

Mkono ule ndio uliovunjika. Ilikuwa mwaka uliotangulia kifo cha Mzee, rais wetu wa kwanza, na Mumbua hajamaliza hata miezi mingi kwa mumewe. Tulikuwa mwethya, ile kazi ya pamoja, wanawake wa kijiji chote tunajenga bwawa. Syombua alikuwa juu ya ukuta amebeba jiwe lisilokuwa na sababu ya kubebwa na mtu mmoja. Nikamwambia, "Lingoje, nakuja tushikane." Angoje wapi. Akateleza, akatupa mkono chini kujizuia, na sisi sote tukasikia mfupa. Woi! Kiganja kilikuwa kimeangalia mahali ambapo kiganja hakiangaliagi.

Tukampeleka hospitali ya misheni, mbali kidogo, jina lake halina haja hapa. Daktari akaupasua mkono, akaunga mfupa kwa chuma na skrubu, akafunga plasta. Walimtunza vizuri na sina la kuwalaumu. Siku ya kutoka, Sista mmoja wa kizungu, mwanamke mwema aliyekuwa amejifunza Kiswahili cha vitabuni, akamshika bega akamwambia pole pole, neno kwa neno, "Mama, usiutumie mkono huu mpaka nikuambie. Umesikia? Usiutumie kabisa." Syombua akaitikia kwa heshima, "Ndiyo, Sista. Sitautumia."

Mimi sikuwako siku hiyo. Ningekuwako, pengine hadithi hii ingekuwa fupi.

Alirudi nyumbani akatundika mkonge wake juu darini, na kwa miezi yote ile hakuushusha. Lakini maji alichota. Kuni alikata. Plasta ilipotolewa kule zahanati ya karibu alishika mchi akatwanga mahindi ya muthokoi, mchi unapanda unashuka, na mimi nikauliza, "Wewe, hospitali walikuambiaje?" Akasema, "Walinikataza, nami nafuata." Nikaona basi, mwenyewe anajua. Yeye alikuwa mjane, hana msichana wa kumsaidia, angekula nini? Mkono ukavimba. Vidole vikawa vinene na vinang'aa. Usiku nilimsikia akiguna kule upande wa pili wa ua.

Ndipo nikamburura kurudi kwa Sista, na safari hiyo nilikuwako. Sista alitazama picha ya mfupa, akatazama mkono, uso ukamwiva mwekundu. Chuma kilikuwa kimelegea na mfupa umeunga upande. "Mama! Nilikuambia usiutumie!"

Syombua naye akapandwa na hasira, maana hapendi kusingiziwa. "Sikuutumia! Muulize huyu wifi yangu. Hata kiondo kimoja sikugusa!"

"Kiondo gani?" akauliza Sista.

"Si ulinikataza kutuma viondo? Nimeacha! Moyo unaniuma lakini nimeacha!"

Kulikuwa na msaidizi mmoja wa wadi, Kiema, Mkamba wa Ikutha, alikuwa amebeba sahani za chuma. Nilimwona akisimama, akiziweka sahani chini taratibu. Sisi wawili tulielewa pamoja. Kwa Kikamba, kusuka kiondo ni kutuma. Kutumia mkono ni kusukia mkono huo. Sista alisema mkono usifanye kazi yoyote, na Syombua akasikia amekatazwa kitu kimoja tu, kile alichokipenda. Akaacha kile ambacho hakingemdhuru sana, akafanya yote yaliyomvunja upya.

Kiema alianza kucheka, nami nikacheka, nakwambia nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamwona Syombua. Alikuwa akitazama mkono wake. "Kwa hivyo," akasema, "ningeweza kuwa nimeshakimaliza." Nikaacha kucheka. Mumbua alikuwa amejifungua mvulana mwezi uliopita.

Wakampasua tena. Wakatoa chuma, wakauvunja mfupa pale ulipounga vibaya, wakauweka upya. Tangu siku hiyo Sista hakumwambia Syombua neno bila Kiema kusimama katikati akilitafsiri, hata "Umelalaje" ilitafsiriwa. Na safari hii amri ilikuwa nyingine: plasta ikitoka, mkono ufanyishwe kazi, kila siku, kidogo kidogo, la sivyo utaganda hivyo ulivyo. Aukande kwenye maji ya moto yenye chumvi. Afinye donge la matambara. Ashike mwiko, augeuze, kiganja kitazame chini, kitazame juu.

Kutazama chini kulirudi upesi. Kutazama juu, hapana. Na hujui mtu hugeuza kiganja juu mara ngapi kwa siku mpaka kiwe hakigeuki. Kupokea chenji dukani. Kunawa uso. Kanisani siku ya Meza ya Bwana alilazimika kupokea mkate kwa mkono wa kushoto, na wewe unajua kwetu mkono wa kushoto ni wa nini. Mchungaji hakusema kitu, lakini mama mmoja nyuma yetu alinong'ona. Nilimgeukia nikamtazama mpaka akafungua kitabu cha nyimbo, akakishika juu chini. Syombua akakaa Jumapili nyingi bila kwenda mezani. Alisema Bwana anamjua.

Na mkonge ndio ulikuwa msiba. Aliushusha kutoka darini siku ileile aliporuhusiwa. Akanyoosha mguu, akaweka nyuzi pajani, akaweka kiganja. Mkono ukaenda mbele hivi, halafu ukakwama, hauwezi kulala bapa, na nyuzi zikabaki mbili zile zile, zimelala tu. Akajaribu tena. Akajaribu kwa mkono wa kushoto kwenye paja la kushoto, uzi ukatoka, lakini umesokoteka kinyume, ukiuachilia unajifungua wenyewe. Alizitupa zile nyuzi uani, kisha akaenda akaziokota moja moja kwa sababu mkonge haupatikani bure.

"Nikusukie mimi," nikamwambia.

"Wewe? Kiondo chako kinavuja mahindi, sembuse unga."

Haya. Nikaenda soko la Mutomo nikanunua kiondo kizuri, chenye mistari myekundu, nikakipaka vumbi kidogo, nikaja nacho. "Tuseme ni chako. Nani atajua?" Akakishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole ndani, hata hakukitazama. "Hiki ni cha mtu anayesokota kwa haraka," akasema. "Mumbua amekua akilalia uzi wangu. Atajua kabla sijavuka mlango." Kiondo changu akampa kuku atagie.

Habari za Mbumbuni zilitufikia kwa njia moja tu, Hersi. Huyo alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa kutoka kaskazini, ametukalia Mutomo miaka mingi mpaka anatania kwa Kikamba. Lori lake lilipeleka mbuzi mnada wa Emali, na Nzomo hufika Emali kununua simiti. Basi maneno yalipanda lori pamoja na mbuzi. Syombua alikuwa na ujumbe mmoja: "Mwambie Mumbua nakuja." Na alituapisha, mimi kwa Biblia na Hersi kwa heshima yake, kwamba habari ya mkono isitajwe. Mtoto ananyonyesha, asishtuliwe. Baadaye ikawa mtoto ana mimba, asishtuliwe. Baadaye hakutoa sababu tena.

"Mimi ni mtu wa mbuzi," akasema Hersi. "Sijaona mkono wowote."

Nilimpigia kelele Syombua, usidhani nilinyamaza. Nilimwambia mtoto hataki kiondo, anataka mama. Akanijibu kwamba mimi sijazaa, sijui. Lilikuwa neno baya na alilijua, kwa sababu jioni aliniletea bakuli la kunde akaliweka mlangoni bila kuongea. Tukakaa hivyo. Mwaka ukaisha, mwingine ukaja. Hersi akaleta habari: msichana amezaliwa, amepewa jina la mama yake Nzomo, kama ilivyo desturi. Kisha, baada ya muda: msichana mwingine, na huyu ameitwa Syombua.

Siku hiyo alitoka nje akakaa juu ya kinu, uso umeelekea kule jua linakotua, kule kwa Mumbua. Nikaenda nikakaa karibu. Akasema, "Ndila, nina hamu na mtoto wangu mpaka mwili unaniuma. Nikilala nasikia harufu ya kichwa chake, alipokuwa mdogo. Sasa kuna mwingine wa jina langu na sijui hata ana meno mangapi."

"Basi twende kesho! Nitabeba mimi kila kitu."

"Niingie kwa mkwe wangu mikono mitupu? Wacha kidogo. Mkono unakuja. Tazama." Akaugeuza. Kiganja kilikuwa kimeongeza kugeuka, kweli, upana wa kidole hivi. Aliutazama kama mtu anayetazama mawingu ya Oktoba.

Na ndivyo alivyoishi. Kila asubuhi maji ya chumvi, matambara, mwiko. Julai baridi ikija, kile kifundo cha mkono kilimuuma mpaka anakifunga kwa blanketi. Kisha anaketi na nyuzi. Kuna siku uzi ulitoka urefu wa mkono mmoja, ananiita nije nione, kuna siku hautoki kabisa. Alianza kitako cha kiondo, akakifumua. Akaanza tena, akafumua. Nilitaka kumpiga na kile kitako.

Ikaja ile njaa ya mwaka themanini na nne, ile tuliyoiita Nikw'a Ngwete, nakufa na pesa mkononi, maana pesa ilikuwepo na cha kununua hakikuwepo. Tulikula mahindi ya manjano ya serikali, tukashukuru. Hersi mbuzi wake walikufa njiani na kwa muda mrefu hakwenda Emali. Alipoanza kwenda tena, Syombua alimtumia maneno yale yale: nakuja.

Hersi aliporudi hakuja nyumbani kama kawaida. Nilimkuta sokoni, nikaona ananikwepa. Nikamshika kanzu. "Sema."

"Nzomo alikuja na mke wake safari hii," akasema. "Nilimpa salamu. Akasema, mwambie asijisumbue." Akatazama kando. "Dada Ndila, nilitaka kusema habari ya mkono. Wallahi ulimi ulikuwa umefika hapa. Lakini niliapa."

Mimi nilifikisha maneno hayo yalivyo, sikuyatia asali. Nilidhani sasa Syombua atasimama, atavaa viatu, twende. Badala yake akanyoosha mguu akaweka nyuzi pajani. Alisuka siku hiyo mpaka kifundo kikavimba, akasuka kesho yake, akasuka mvua ya kwanza ikinyesha na wenzake wako shambani. Hakufumua tena. Palipoenda kombo aliacha. Kile kiondo kilikuwa kimeinama upande mmoja, uzi mnene hapa, mwembamba pale, kazi ambayo zamani angewapa kuku. Lakini ulikuwa uzi wa mkono wake wa kulia, wote. Alipotia mkanda wa ngozi alinitazama usoni akasema, "Ndila, kinatosha?"

"Kinatosha," nikasema. Kisha nikaongeza, "Kwa kubebea mawe." Akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya.

Tulifika Mbumbuni siku ya pili, mchana. Watu wa sokoni walituonyesha nyumba ya mawe ya fundi Nzomo. Syombua alisimama kwanza nyuma ya ua, akajipangusa vumbi, akakiweka kiondo sawa mgongoni, mkanda kwenye paji. Unga ndani, kunde, njugu. Mkono wa kulia ameutanguliza, tayari kwa kusalimu. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

Uani palikuwa na msichana mdogo, wa umri wa kufukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa. Paji la uso lilikuwa la Mumbua tupu. Syombua akachuchumaa mbele yake na ule mzigo wote.

"Wewe unaitwa nani?"

"Syombua."

Wifi yangu akafumba macho, akafumbua. "Umeitwa jina la nani?"

"La susu," akasema mtoto. Susu kwetu ni nyanya. "Wa kule Kitui."

"Na huyo susu yuko wapi?"

"Alikufa," akasema mtoto, akamrushia kuku kijiti.

Syombua alibaki pale pale amechuchumaa. Mlangoni Mumbua alikuwa ametokea na ungo mkononi, amenenepa kidogo, mama wa watu, na alikuwa amesikia. Ungo ukamtoka, mtama ukamwagika, na kuku wakaja wote.

"Mama," akasema.

Syombua akainua mkono. Hakuinua ili kusalimu. Aliunyoosha tu, ukiwa umepinda, kile kiganja kinachofika nusu, ile alama ndefu ya kisu na alama nyingine juu yake. "Ni mkono, mwanangu," akasema. "Ulivunjika. Ulikataa kusokota. Sikuweza kuja bila kiondo."

Mumbua aliushika akaugeuza, akafika pale unapokwama, akasikia unapokwama. Akarudia tena, pole pole. Kiondo hakukitazama hata mara moja. Kisha hasira ikampanda, nikaiona ikipanda, ni yetu hiyo, ya upande wa baba yake. "Mkono?" akasema. "Miaka yote hii nakaa hapa nikijiuliza nilikukosea nini, kumbe ni mkono? Nimezaa mara tatu bila wewe, mama. Mara tatu!"

Yule mdogo alikuwa ameshika gauni la mama yake. "Mama, huyu ni nani?"

"Ni mama yangu."

"Si ulisema alikufa?"

Mumbua hakuuachilia ule mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyapangusa. "Nilisema hivyo," akamwambia mtoto. "Nilichoka kungoja."

"Mimi pia," akasema Syombua. "Mimi pia, mwanangu, nilichoka."